Shaaban Robert: Karani Aliyetuachia Vitabu vya Kurudia



Katika maisha ya seminari kila kitabu kina saa yake. Kuna vitabu vya darasani, kuna kitabu cha somo la kiroho, kuna vitabu vya sala. Riwaya haina saa yake kwenye ratiba. Frateri akionekana ameshika riwaya huulizwa kama ni ya mtihani, na akijibu kwamba anaisoma tu, tena kwa mara ya tatu, waulizaji hutazamana. Huku Chiwanda, kando ya Ziwa Nyasa, ambako baadhi yetu tupo kwa likizo, swali hilo huulizwa kwa maneno mengine: mtu mzima anayerudia hadithi anayoijua mwisho wake, je, hana shamba? Hana wavu wa kushona?

Ni swali la haki, wala si vizuri kulijibu kwa haraka. Tumeona tulijibu kwa kusimulia maisha ya mtu ambaye hakuwahi kuwa mvivu siku moja, aliyekuwa na kazi ya mshahara, familia ya kulisha na misiba ya kuzika, lakini ndiye aliyetupatia riwaya za kwanza za Kiswahili ambazo mtu husoma akarudia. Huyu ni hayati Shaaban Robert. Karibu kila aliyepita sekondari Tanzania amelisikia jina lake. Wengi wetu tulikutana naye kwenye karatasi ya mtihani, tukaachana naye hapohapo.

Kuzaliwa na shule

Shaaban Robert alizaliwa tarehe 1 Januari 1909 katika kijiji cha Vibambani, karibu na Machui, mkoani Tanga. Nchi ilikuwa bado chini ya Wajerumani. Jina la Robert limewapoteza wengi, wakadhani alikuwa Mkristo. Hapana. Robert lilikuwa jina la baba yake. Yeye alizaliwa Mwislamu, akaishi Mwislamu na kufa Mwislamu, naye aliiheshimu dini ya kila mtu. Kwa asili, wazazi wake walikuwa Wayao. Jambo hili linatugusa sisi wa Nyasa na Mbinga, kwa kuwa chimbuko la Wayao ni huko ng'ambo ya Mto Ruvuma, mashariki ya ziwa letu. Mtu tunayemhesabu kuwa mshairi wa pwani ana mizizi kwa majirani zetu wa jadi.

Mwaka 1922, akiwa na miaka 13, alipelekwa Dar es Salaam kusoma. Vita Kuu ya Kwanza ilikuwa imekwisha na Waingereza ndio waliokuwa wakitawala. Alisoma huko hadi mwaka 1926, akapata cheti cha kumaliza shule akiwa miongoni mwa Waafrika wachache sana waliokipata wakati huo. Masomo yake ya darasani yakaishia hapo. Hakuna sekondari aliyoingia, hakuna chuo, hakuna digrii. Mintarafu shule, kijana yeyote wa kidato cha nne katika parokia zetu leo amekaa darasani miaka mingi kuliko yeye.

Basi yote aliyoyajua baada ya hapo aliyatoa wapi? Aliyatoa kwenye kusoma. Alijiendeleza kwa masomo ya posta, akisubiri barua na kuzijibu baada ya kazi. Akasoma mashairi ya wazee wa pwani, hadithi za Waarabu na Waajemi, na vitabu vya Kiingereza vilivyomfikia. Hakuna mwalimu aliyemsimamia wala mtihani uliomngoja. Mtu wa namna hiyo asipoonja utamu wa kitabu hawezi kudumu hata mwaka mmoja. Yeye alidumu zaidi ya miaka 30.

Mezani kwa karani

Mwaka 1926 aliajiriwa kuwa karani katika Idara ya Forodha, akakaa huko hadi mwaka 1944. Miaka 18 hiyo aliipitisha katika vituo vya pwani, kikiwemo Pangani, akiandika mizigo, ushuru na stakabadhi. Kisha akahamishiwa Idara ya Wanyama, kazi iliyomtoa pwani na kumpeleka bara. Mwaka 1946 alirudi Tanga katika ofisi ya serikali ya wilaya, na miaka ya 1950 akafanya kazi katika Idara ya Upimaji, hapohapo Tanga. Alistaafu akiwa karani.

Tunayataja haya kwa makusudi. Tukisikia neno mwandishi, tunamwona mtu aliyekaa kivulini akifikiri. Shaaban Robert alikuwa mtu wa saa za ofisi. Aliandika asubuhi na jioni na siku za mapumziko, yaani katika muda ambao wengine waliona ni wa kupumzika tu. Alikuwa Mwafrika katika ofisi za kikoloni, ambamo cheo na mshahara vilipimwa kwa rangi ya ngozi kabla ya kupimwa kwa kazi. Katika tawasifu yake, Maisha Yangu, amesimulia safari ambazo alinyimwa heshima ya kawaida ya abiria kwa sababu ya ubaguzi. Amesimulia bila matusi, kwa lugha ya mtu aliyeamua kwamba chuki haitapata chumba moyoni mwake.

Misiba nayo haikumwacha. Mke wake wa kwanza, Amina, alifariki angali kijana na kumwachia watoto wadogo. Alimwandikia shairi la kuaga linalobeba jina lake, na hadi leo ni mojawapo ya mashairi ya Kiswahili yanayojulikana zaidi. Baadaye aliwatungia watoto wake tenzi mbili ndefu za mawaidha, mmoja kwa binti na mwingine kwa mwana, kama mzazi anayehofia kwamba huenda asiwepo watakapokuwa watu wazima. Wakati wa Vita Kuu ya Pili alianza kutunga utenzi wa vita hivyo, ukafikia beti 3,000. Yote haya yalitoka mezani kwa mtu ambaye asubuhi alitakiwa ofisini.

Msomaji anayerudia

Tukitazama vitabu vyake kwa karibu tunaona kwamba kabla hajawa mwandishi alikuwa msomaji, tena msomaji wa kurudia. Tuchukue mifano miwili.

Mwaka 1952 ilitoka tafsiri yake ya mashairi ya Omar Khayyam, mshairi na mwanahisabati wa Uajemi aliyeishi karne ya 11 na ya 12. Shaaban Robert aliyapata mashairi hayo kwa Kiingereza, akayahamishia katika Kiswahili. Kila aliyewahi kufasiri hata aya moja anajua maana yake. Mfasiri hawezi kusoma mara moja. Husoma sentensi, akaiacha, akairudia kesho, akaipima neno kwa neno, akaisikiliza. Hakuna usomaji wa polepole kuliko huo, na hakuna mtu anayeufanya usiku baada ya kazi ya ofisi kama hapendi anachosoma.

Mfano wa pili ni riwaya ya Adili na Nduguze, iliyotoka mwaka huohuo wa 1952. Ina asili yake katika hadithi mojawapo ya Alfu Lela u Lela, zile za usiku elfu na moja. Katika hadithi ya kale, mtu mmoja ana mbwa wawili ambao huwachapa kila usiku, nao kwa kweli ni ndugu zake waliogeuzwa na jini kwa sababu ya uovu wao. Shaaban Robert aliichukua hadithi hiyo akaipa nchi mpya, mfalme mpya na majina mapya. Mbwa wakawa manyani. Mfalme akawa Rai, wa nchi ya Ughaibuni. Ndugu wakaitwa Hasidi na Mwivu. Mwishoni, ndugu hao wanafikia kusamehewa na kurudishiwa utu wao. Mtu hawezi kuibadili hadithi hivyo kama hajaizunguka mara nyingi mpaka akajua mahali gani inamtosha na mahali gani haimtoshi. Riwaya hiyo ilizaliwa na msomaji aliyerudi kwenye hadithi ya zamani na kukuta bado ina jambo la kumwambia.

Nasi tukiirudia tunapata jambo ambalo usomaji wa kwanza hauna uwezo wa kutupa. Mara ya kwanza tunamwona Adili, liwali mwema anayesifiwa kwa haki, akishika mjeledi usiku na kuwachapa wanyama wasio na hatia. Tunashangaa. Tunakimbilia mbele tujue sababu. Mara ya pili sababu tunaijua. Tunajua kwamba wale manyani ni ndugu zake wa tumbo moja, kwamba anawapenda, na kwamba anaumia kwa kila fimbo. Maneno ya kitabu ni yaleyale, lakini sasa tunaisikia fimbo kwa sikio la anayechapa. Mara ya kwanza tunataka kujua nini kitatokea. Mara ya pili tunakaa na watu. Kwa anayejiandaa kusikiliza watu maisha yake yote, iwe katika kiti cha maungamo au kitandani mwa mgonjwa, tofauti hiyo si ndogo.

Kusadikika

Riwaya yake inayojulikana zaidi ilitoka mwaka 1951. Kusadikika ni nchi iliyo angani, mipaka yake ni pepo. Huko kuna kijana aitwaye Karama, anayeshtakiwa na waziri mkubwa, Majivuno. Kosa lake ni nini? Ametaka kuanzisha masomo ya uanasheria, ili watu wajue haki zao na waweze kujitetea. Akiwa mbele ya mfalme na baraza, Karama anajitetea kwa kusimulia habari za wajumbe sita waliotumwa zamani kwenda pande zote za dunia, juu mbinguni na chini ardhini, kutafuta mema ya kuifaa nchi yao. Kila mjumbe aliteseka njiani, kila mmoja alirudi na habari njema, na kila mmoja alizawadiwa kifungo.

Tukumbuke kitabu hiki kilitoka lini. Ilikuwa miaka 10 kabla ya Uhuru, na mwandishi alikuwa mtumishi wa serikali ya kikoloni. Nchi ambayo watu wake hawaruhusiwi kuijua sheria inayowahukumu haikuwa mbali angani. Ilikuwa Tanganyika. Lakini kwa kuwa aliisimulia kama hadithi, ikapita, ikachapwa na kusomwa na watoto shuleni. Hapo tunaona kazi ambayo hadithi hufanya na hotuba haiwezi. Hotuba humwambia msikilizaji la kufikiri. Hadithi humpa mtu wa kumhurumia, kisha ikamwacha afikiri mwenyewe.

Shuleni tulifundishwa kuchambua Kusadikika kwa dhamira, wahusika, mandhari na matumizi ya lugha. Ni mafunzo mazuri, na walimu waliotupatia wana haki ya shukrani zetu. Hata hivyo mtihani una tabia yake: hutaka majibu, na majibu yakishatolewa hufunga kitabu. Kitabu kilichosomwa mara moja kwa ajili ya mtihani ni kama mgeni aliyepewa maji ya kunywa mlangoni akaagwa. Tumemkaribisha, ndiyo, lakini hatukukaa naye.

Anayerudi kwa Kusadikika bila kalamu ya mtihani hukuta vitu vingine. Hukuta kwamba kitabu kina ucheshi mwingi. Hukuta uvumilivu wa Karama, anayejitetea siku baada ya siku bila kumtukana aliyemshtaki. Tena hukuta kwamba Majivuno hakai katika baraza la kifalme peke yake. Kijana wa miaka 16 husoma akijiona Karama. Akirudia akiwa na miaka 25, akiwa tayari ameonja uongozi kidogo, labda wa darasa, wa kwaya au wa jumuiya ndogo ndogo, huanza kutambua sauti ya Majivuno mahali ambapo hakuitarajia: mtu anayekataa wazo jema kwa sababu tu halikutoka kwake. Kitabu hakikubadilika. Msomaji ndiye aliyekua, na kitabu kikampimia kimo.

Wapo wanaolalamika kwamba riwaya hizi ni za mawaidha mno, kwamba mtu aitwaye Adili hana budi kuwa mwadilifu na aitwaye Hasidi hana budi kuwa na husuda, kwa hiyo hakuna la kushangaza. Malalamiko haya yana ukweli. Shaaban Robert aliamini kwamba fasihi ni mlezi, na mara nyingine mlezi huyo anazungumza kupita kiasi. Lakini hata ngano zetu tulizosimuliwa jioni na mabibi zetu zilikuwa na Sungura ambaye kila mtu alijua atadanganya na Fisi ambaye kila mtu alijua ataponzwa na ulafi. Hakuna mtoto aliyemwambia bibi anyamaze kwa kuwa mwisho unajulikana. Tulisema, bibi, rudia ile ya Fisi. Raha ilikuwa katika kusikia tena namna inavyosimuliwa. Utamu wa Kiswahili cha Shaaban Robert, sentensi zake zilizopangwa mbilimbili kama makasia ya mtumbwi, ni raha ya namna hiyohiyo, na husikika vizuri zaidi mtu akisoma kwa sauti.

Vitabu alivyoviacha nyuma

Kupata wachapishaji hakukuwa rahisi. Wachapishaji wengi walikuwa mbali, nao hawakuwa na haraka na Mwafrika aliyeandika kwa Kiswahili sanifu juu ya mambo makubwa. Baadhi ya vitabu vyake, kama Pambo la Lugha na Kielezo cha Insha cha mwaka 1954, vilichapwa na chuo kikuu kule Johannesburg, Afrika Kusini. Wasifu wa Siti binti Saad, mwimbaji mashuhuri wa taarabu wa Unguja aliyefariki mwaka 1950, ulitoka mwaka 1958. Katika kitabu hicho mtu mzito wa mawaidha alitumia kalamu yake kumheshimu mwanamke maskini wa shamba aliyepanda kwa sauti yake. Serikali ya Uingereza ilimtunuku nishani ya MBE, na kwa uandishi alipata tuzo ya kumbukumbu ya Margaret Wrong. Alikaa pia katika kamati za kukuza Kiswahili Afrika Mashariki. Lakini heshima hizo hazikumfanya tajiri.

Tanganyika ilipata Uhuru tarehe 9 Desemba 1961. Shaaban Robert aliishi miezi michache tu katika nchi huru. Alifariki Tanga mwezi Juni 1962, akiwa na miaka 53, akazikwa Machui, karibu na alikozaliwa.

Hapa kuna jambo ambalo kila anayelitafakari hulikuta ni zito. Kati ya riwaya zake tano, mbili tu ndizo zilizokuwa zimetoka alipokufa. Kufikirika, habari za nchi ambayo mfalme wake ametafuta mtoto kwa kila njia, ilitoka mwaka 1967. Utubora Mkulima, habari za mtu anayeacha kazi ya mshahara mjini na kwenda kulima, ilitoka mwaka 1968, mwaka mmoja baada ya Azimio la Arusha, wakati taifa zima likihimizwa kurudi shambani. Siku ya Watenzi Wote, ambayo haikukaa angani wala nchi za kubuni bali Dar es Salaam yenyewe na maskini wake, ilitoka mwaka huohuo. Utenzi wake mrefu wa vita nao ulitoka mwaka 1967. Mwandishi hakuishika hata nakala moja. Aliandika vitabu ambavyo hakujua kama vitasomwa, akaviacha.

Mkulima wa muhogo hapa Chiwanda anajua kwamba atavuna. Aliyepanda mwembe uzeeni anajua kwamba wajukuu watakula. Mwandishi ambaye mswada wake umelala sandukuni hajui lolote. Anategemea watu asiowajua, na watu hao ni sisi. Ndiyo sababu kusoma kwa kurudia ni zaidi ya kujiburudisha. Ni namna ya kumpokea mtu aliyetutumia mzigo bila kujua kama utafika.

Je, frateri ana ruhusa?

Tulianza na swali la saa na ratiba. Sisi tunaosoma falsafa tunajua kwamba pingamizi si jipya. Mtakatifu Agostino, katika Maungamo yake, anajilaumu kwa sababu alipokuwa kijana alimlilia Dido, malkia wa hadithi katika utenzi wa Vergili, huku akiwa hailii nafsi yake iliyokuwa mbali na Mungu. Ni onyo la kweli: mtu anaweza kuwalilia watu wa vitabuni na kumpita jirani yake aliye na njaa. Lakini tuangalie pia jambo la pili. Miaka mingi baadaye, akiwa Askofu, Agostino bado alimkumbuka Dido. Na kitabu chenyewe anachotumia kujilaumu kimeandikwa na mtu aliyejifunza kutoka kwa washairi jinsi moyo wa mwanadamu unavyosimuliwa.

Upande wa pili wa mizani tuna barua ya hayati Papa Fransisko ya tarehe 17 Julai 2024, kuhusu nafasi ya fasihi katika malezi. Mwanzoni alikusudia kuwaandikia waseminari na mapadre, kisha akaona inawafaa Wakristo wote. Alijua alichokisema, kwa kuwa mwaka 1964 na 1965, akiwa bado kijana wa Shirika la Yesu, alifundisha fasihi katika shule ya Santa Fe, Argentina. Wanafunzi wake walitakiwa kusoma utenzi wa kale wa El Cid, lakini wao walimtaka García Lorca. Akaamua kwamba El Cid wausome nyumbani, na darasani wajadili waandishi waliowapenda. Kutoka huko alijifunza kwamba usomaji wa kulazimishwa hauzai matunda, na kwamba kila msomaji hupaswa kupata kitabu kinachosema na maisha yake. Katika barua hiyo anahuzunika kwamba katika malezi ya mapadre fasihi huhesabiwa kuwa burudani ndogo tu isiyohusiana na utume.

Basi tunajibu hivi. Anayesoma riwaya ili akwepe zamu ya kufagia au kumtembelea mgonjwa, huyo amekosea saa, na kosa si la riwaya. Lakini anayesoma baada ya kazi, kama alivyofanya karani wa Tanga, hajaiba muda wa mtu. Anajizoeza kukaa na mwanadamu mwingine bila haraka ya kumhukumu. Akirudia, anajizoeza zaidi, maana sasa hata udadisi wa kujua mwisho haumsukumi tena.

Kwa wenzetu wa parokia na vigango vya mwambao, kuanzia Lituhi hadi Chiwanda, tuna ombi dogo. Katika nyumba zetu nyingi kuna Biblia, kuna Misale ya Waumini, na kuna kitabu kimoja au viwili vya shule alivyoacha mtoto aliyemaliza kidato cha nne. Mara nyingi kimoja kati ya hivyo ni cha Shaaban Robert, kimekatika jalada, kurasa zake zina mistari ya kalamu. Kisifungiwe maandazi. Jioni moja, baada ya chakula na sala, mmoja asome sura moja kwa sauti, wengine wasikilize. Wazee ambao hawakusoma sana watacheka mahali ambapo sisi wasomi tulipita bila kuona kitu. Na sura ikiisha, mtoto akisema irudiwe, irudiwe.

Mwenyezi Mungu ampumzishe kwa amani mja wake Shaaban, mwana wa Robert.